Udongo mbichi na udongo uliochomwa: kuandaa onyesho la vinyago vya unyago na vyungu vya tambiko

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasimamia kituo kidogo cha utamaduni mkoani Tanga. Tumepata chumba cha mita 6 kwa 8, na baada ya miezi mitatu tunafungua onyesho la sanaa ya udongo na imani. Tuna vitu 34: vinyago 19 vya unyago na jando vya Wazigua na Wasambaa, vyungu 6 vya tambiko, vyetezo 4 vya pwani na sanamu 5 kubwa za msanii wa leo. Vinyago vingine vinamomonyoka tukivishika, kimoja kimekatika mkono, na vyungu viwili vimeota unga mweupe. Mwenzangu anashauri vinyago tuvichome kwenye joko vipate nguvu. Kuna wazee pia wamenuna. Tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, na pole kwa shughuli.

Kabla ya jingine lolote, mzuie mwenzako asiwashe joko. Mengi yanayoharibika katika kazi hii hurekebishika kwa kiasi fulani, lakini hilo halirekebishiki. Maji yaliyojificha ndani ya udongo hugeuka mvuke kwenye nyuzi 100, na moto ukipanda haraka mvuke huo hukipasua kinyago kama bisi. Kama kimefinyangwa juu ya kijiti, kijiti kitateketea na kuacha pango, kisha mkono au mguu ulioshikiliwa nacho utadondoka. Weusi wa mkaa utaungua upotee. Udongo wa njano utageuka mwekundu. Halafu kati ya nyuzi 450 na 600 udongo wenyewe hupoteza maji yaliyofungwa katika umbile lake, na kuanzia hapo haurudi tena kuwa tope. Kinyago kikitoka kizima, kitakuwa kitu kipya kilichovaa sura ya cha zamani.

Isitoshe, ubichi wa vinyago hivyo haukutokana na kukosa kuni. Jamii hizohizo zilikuwa na wafinyanzi waliochoma vyungu na mitungi kila msimu. Aliyekifinyanga kinyago alijua namna ya kuchoma na hakuchoma. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni Tanganyika, alikusanya vinyago vingi vya namna hii na kuchapisha maelezo yake mwaka 1956. Alionyesha kwamba kila kinyago kina wimbo wake na fundisho lake, na bila wimbo kinyago hakisemi kitu. Jirani zetu Wabemba wa Zambia wanatusaidia kuelewa zaidi. Katika chisungu, unyago wao ambao Audrey Richards aliushuhudia mwaka 1931, kuna vifaa vidogo vya udongo ambavyo kungwi wao, nachimbusa, huvihifadhi na kuvitumia tena. Kuna pia maumbo makubwa ya udongo mbichi yanayofinyangwa sakafuni na kuvunjwa siku ileile. Kipi kidumu na kipi kiishe ni uamuzi uliokuwa sehemu ya mafunzo yenyewe.

Kwa hiyo usipange vitu vyako kwa ukubwa, wala kwa kabila, wala kwa uzuri. Kwa kila kimoja kati ya hivyo 34 jibu maswali mawili: kimechomwa au ni kibichi? Na nani aliruhusiwa kukiona? Majibu hayo ndiyo yatakayokuambia kikae kabati gani, kwenye mwanga gani, kwa unyevu gani, au kisitoke stoo kabisa.

Swali la kwanza hujibiwa kwa kijiti chenye pamba kilichochovywa kwenye maji safi na kukamuliwa. Gusa chini ya kitako, mahali pasipo rangi, kwa sekunde tano bila kusugua. Udongo uliochomwa hunyonya maji, doa likakolea kisha likakauka, na pamba inabaki karibu safi. Udongo mbichi unalainika, na pamba inatoka na tope. Usijaribu kwa kugonga usikie mlio. Mfinyanzi hugonga chungu kipya kujua kama kina ufa, lakini kitu cha zamani kinaweza kuwa na ufa unaosubiri kugongwa huko tu. Andika jibu kwenye rejista, piga picha pande nne na kitako, pima urefu na uzito. Kazi hiyo kwa vitu 34, watu wawili, ni siku tatu au nne, na ndiyo wiki yako ya kwanza.

Vaeni glavu za mpira na barakoa mnapofanya hivyo, hasa kama vinyago viliwahi kukaa stoo ya makumbusho au ya mkusanyaji. Zamani vitu vya namna hii vilinyunyiziwa DDT au dawa za aseniki kuzuia wadudu, na unga wake haupotei kwa miaka. Glavu za pamba ziacheni, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye mikwaruzo na kung'oa chembe, na kwenye chungu kilichong'arishwa zinateleza.

Sasa huo unga mweupe kwenye vyungu viwili. Unaweza kuwa mambo matatu, na tiba zake zinapingana. Inawezekana ni chumvi. Inawezekana ni udongo mweupe uliopakwa wakati wa tambiko, na kama ndivyo, huo ndio moyo wa kitu chenyewe. Au ni dawa ya wadudu niliyoitaja. Atakayechukua kitambaa na kukipangusa chungu "kiwe safi" anaweza kufuta kwa dakika moja kile mlichokusudia kukionyesha. Tazama kwa lenzi: chumvi huota kama manyoya au sindano ndogo, mara nyingi karibu na kitako au kwenye mstari ambapo maji yalifikia, na huota juu ya vumbi. Rangi iliyopakwa hulala bapa, ina alama za vidole au brashi, na vumbi liko juu yake. Chukua chembe moja kwa ncha ya sindano, iweke kwenye kioo, tone la maji juu yake. Chumvi itayeyuka, udongo mweupe utatulia chini. Usionje.

Ikiwa ni chumvi, tatizo lako kubwa ni kiyoyozi. Chumvi ya kawaida hunyonya maji hewani na kuyeyuka unyevu ukizidi asilimia 75 hivi. Ukishuka chini ya hapo inaganda tena. Ikiganda inatanuka ndani ya vitundu vya udongo na kusukuma ngozi ya chungu kutoka ndani. Hewa ya pwani huvuka mstari huo mara nyingi. Mkiwasha kiyoyozi saa mbili asubuhi na kukizima saa kumi na moja jioni, mnauvusha mstari huo kila siku kwa makusudi, na chungu kilichokaa kimya miaka hamsini kwenye kibanda cha nyasi kinaanza kubanduka ndani ya miezi miwili. Ni afadhali chumba kisicho na kiyoyozi kabisa, chenye feni na madirisha ya wavu, kuliko kiyoyozi cha saa za ofisi. Kuloweka chungu ili kutoa chumvi ni kazi ya mhifadhi aliyefunzwa: hutumia maji yaliyochujwa, huyabadilisha kwa siku kadhaa huku akiyapima, na hagusi kabisa chenye rangi iliyopakwa baada ya kuchomwa. Kwa miezi yenu mitatu, wekeni hivyo vyungu viwili ndani ya kabati lililofungwa vizuri na mviache.

Kabati hilo nalo lina mambo yake. Fundi atakuletea mbao za MDF (unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) au za kubandikwa kwa gundi, na rangi ya mafuta juu yake. Mbao hizo na rangi hiyo hutoa mvuke wa asidi ambao, ndani ya kabati lililofungwa, huungana na chokaa na chumvi zilizomo kwenye udongo uliochomwa kidogo na kuotesha aina nyingine ya unga mweupe. Kabati likamilike wiki nne kabla ya kuingiza vitu, likae wazi muda wote huo, na ukiingiza pua ndani usisikie harufu. Chuma kilichopakwa rangi ya unga na kuokwa ni bora kama bajeti inaruhusu. Sakafu ya kabati ifunikwe kwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa mara mbili na kusuuzwa vizuri.

Kwa vinyago vibichi lengo ni unyevu usiozidi asilimia 65 na, muhimu zaidi, usioyumba. Juu ya 70 ukungu unaanza. Tumia silika jeli, chembe za kunyonya unyevu, ile inayobadilika kutoka rangi ya chungwa kwenda kijani, si ya buluu ambayo ina kobalti. Kipimo kinachotumika makumbusho ni kilo 20 kwa kila mita moja ya ujazo: kabati la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 lina ujazo wa mita 0.3, hivyo kilo 6. Kosa linalorudiwa ni kuitia ikiwa imekauka kabisa. Jeli kavu kabisa hunyonya kwa pupa, na kijiti kilicho ndani ya kinyago kikisinyaa huku udongo umesimama, ufa huonekana. Itandaze kwanza kwenye sinia katika hewa ya kawaida ya chumba, ipime ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kipimaunyevu, na iingize kwenye droo chini ya kabati kipimo kikitulia kwenye 55. Kabati liwe na kipimo chake kidogo ndani, kinachosomeka bila kufungua.

Kabla ya hapo, chenye kijiti, nyasi, manyoya au nywele kikae wiki nne peke yake kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, karatasi nyeupe chini, na pakiti za silika jeli kuzuia ukungu. Kila wiki angalia karatasi. Unga laini kama wa msumeno ni dumuzi, na kitu hicho hakiingii kwenye kabati la wenzake.

Vinyago vinavyomomonyoka visishikwe kwa mkono hata kidogo. Kila kimoja kiwe na sinia lake: kipande cha sponji ngumu ya poliethilini chenye unene wa sentimita 5, kilichochongwa kwa kisu mfano wa kitanda cha mwili wake, na karatasi laini isiyo na asidi juu yake. Kinyago kinawekwa mara moja, kisha linalosogea ni sinia. Magazeti yanaacha wino. Pamba tupu inanasa. Mkono uliokatika usiugandishe. Supagluu hupenya kwenye udongo mbichi na kuufanya kama kioo, halafu mpasuko unaofuata unatokea pembeni ya gundi na kung'oa bonge zima. Epoksi ni mbaya zaidi maana haitoki tena. Wahifadhi hutumia resini ya akriliki ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwa asitoni, nyepesi ya asilimia 2 au 3 kwa kuimarisha na nzito kwa kuunganisha, kwa sababu inaweza kuyeyushwa tena. Lakini hata hiyo hubadilisha rangi za unga zikawa na giza, kwa hiyo asiye na mazoezi asijaribie kwenye kinyago chenyewe. Laza mkono wake kando yake kwenye kabati, mahali ambapo ungekuwa. Mtazamaji ataelewa bila shida. Magae na chembe zote zitiwe kwenye mfuko wenye namba ya kinyago.

Masizi, mafuta na damu ya kuku iliyokauka si uchafu. Vumbi la juu peke yake linaweza kuondolewa kwa brashi laini ya msanii, likisukumwa kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonza uliofungwa wavu, na hilo ni kwa vilivyochomwa tu. Ndani ya vyetezo mtakuta utando mweusi wa ubani na udi. Acheni.

Swali la pili, la nani aliruhusiwa kuona, halina kijiti cha pamba. Linajibiwa na watu. Wazee waliokasirika ni habari njema kuliko wazee walionyamaza, maana mtu hanuni kwa kitu kisichomhusu. Msiwaite kwenye mkutano mmoja wa wote. Makungwi wasemeshwe na wanawake, kando; wazee wa jando wasemeshwe na wanaume. Wapelekeeni picha zilizochapishwa, si vitu vyenyewe na si picha za simu zitakazosambaa, na kwa kila picha waulizeni mambo manne: kina jina? Kinaonwa na nani? Wimbo wake unaweza kuimbwa mbele ya asiyechezwa, yaani asiyepitia unyago au jando? Na mmependa kiwepo au kisiwepo? Majibu yaandikwe palepale. Posho na nauli zao ziwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa kawaida vitu vitagawanyika vyenyewe mafungu matatu. Kuna vya kuonwa na kila mtu. Kuna vya kuonwa na watu wa jinsia moja au wa umri fulani. Hivyo vinaweza kukaa nyuma ya pazia, na tangazo mlangoni likisema wazi ni vya nani. Na kuna visivyoonwa. Hivyo vya mwisho msivionyeshe, msiviweke kwenye mabango, msiviweke mtandaoni. Kama mnahitaji umbo fulani ili simulizi likamilike, mwombeni mfinyanzi aliye hai, kwa ruhusa ya makungwi, afinyange jipya la maonyesho lisilotumika kwenye ngoma. Andikeni kwamba ni jipya, na mwaka wake.

Ulizeni pia vitu vilitokaje mikononi mwa wenyewe. Mnakumbuka vigango vya Wamijikenda, kwa majirani zetu wa pwani ya Kenya: vile ni nguzo za mti za kuwakumbuka wafu na si vya udongo, lakini viling'olewa viliposimikwa, vikauzwa kama sanaa, na baadhi vimerudishwa kutoka makumbusho za Marekani baada ya miaka mingi ya kudaiwa. Kitu chenye historia isiyoelezeka kinaharibu onyesho zima. Na msiahidi kumwazima mtu wa nje chochote kabla ya kupata kibali: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inadhibiti utoaji wa vitu vya namna hii nchini.

Huenda wazee wakataka kufanya tambiko au dua kabla ya kufungua. Wakubalieni, na mpange mahali. Moshi wa ubani ni masizi yenye utomvu na unanata. Unga wa mtama huleta panya na mende. Pombe ikimwagiwa udongo mbichi unayeyuka. Basi tambiko lifanyike uani au kizingitini, vitu vikiwa kwenye masinia yao umbali wa mita tatu hivi, na sadaka iwekwe kwenye sahani yake na kuondolewa jioni ileile na aliyeitoa, si na mfagizi. Wageni nao wataanza kutupa sarafu kwenye vyungu. Hutokea mara nyingi. Sarafu moja iliyotupwa toka mita mbili inatosha kutoa kipande cha mdomo, kwa hiyo vyungu vya wazi viwe nje ya mkono: sentimita 80 kutoka kwenye kamba ya kuzuia.

Neno moja kuhusu lugha ya maelezo. Umeandika "sanamu 5", na kwa kazi za msanii wa leo neno hilo linafaa. Kwa vinyago vya unyago msilitumie. Muislamu na Mkristo wa pwani akisoma "sanamu" kwenye onyesho la imani anaona kitu kinachoabudiwa, na vinyago hivi haviabudiwi, vinafundishia. Mkiandika "sanamu za mizimu" mtakuwa mmezua dini ambayo wenyewe hawaijui, na shehe na mchungaji watakuja kulalamika kwa haki. Andikeni kinyago, au umbo la udongo, na mseme kazi yake. Maelezo ya kitu kimoja yasizidi maneno 60, herufi zisomeke umbali wa mita moja. Kwa mfano:

"Kinyago cha mafunzo ya wali (wanaofundwa unyagoni). Udongo mbichi, udongo mweupe, mkaa. Kungwi alikitoa kwa wimbo, wali wakakitazama na kukieleza. Hakikuchomwa kwa sababu hakikukusudiwa kudumu. Maana yake kamili hutolewa ndani ya unyago, nasi tumeombwa tusiiandike hapa."

Maelezo hayo hayafichi kwamba yanaficha, na ndivyo yanavyopaswa kuwa.

Kwa vyungu mna msaada wa lugha yenyewe. Kiswahili kimeshakifanya chungu kuwa mwili: kina mdomo, shingo, tumbo, masikio na kitako. Mchoro mmoja ukutani wenye majina hayo unamwandaa mtazamaji kuliko aya tatu za nadharia, na unamvusha bila kelele hadi kwa msanii wa leo. Kwa mfano Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, amejenga kazi yake yote juu ya mwili huo wa chungu: anafinyanga kwa mkono, anang'arisha badala ya kupaka vanishi ya kioo, na moto wenye hewa unampa wekundu, moto ulionyimwa hewa unampa weusi. Mtu akishaona hilo, kichwa cha udongo cha Luzira, Uganda, hakitamshangaza, kilichofukuliwa mwaka 1929 kwenye eneo la gereza karibu na Kampala na ambacho sasa kiko British Museum jijini London. Hata vichwa saba vya Lydenburg vya Afrika Kusini, vya karibu mwaka 500 BK, vilivyounganishwa kutoka kwenye magae, vitamwingia. Picha kubwa za hivyo viwili, zikisindikizwa na sentensi mbili, zingekaa vizuri mwanzoni mwa chumba: vile vilichomwa na vikadumu ardhini karne nyingi, hivi vyenu vingeyeyuka kwa masika moja.

Vyungu vyenye kitako cha mviringo visimamishwe kwenye kata, ileile ya kubebea mtungi kichwani. Kata ya makumbusho hushonwa kwa marekani na kujazwa pamba ya poliesta, tundu lake liwe theluthi moja ya upana wa tumbo la chungu. Kikiwa kizito zaidi ya kilo 8, tumia pointi tatu kama mafiga: vipande vitatu vya sponji ngumu vilivyokatwa kwa pembe. Pointi tatu hazichezi. Nne zinaweza kucheza. Mkitaka kuongeza usalama, uzi wa mshipi upite begani mwa chungu na kufungwa chini, umekazwa kiasi cha kidole kupita. Chungu kinyanyuliwe kwa mikono miwili, mmoja kitakoni na mmoja tumboni, kamwe si kwa mdomo au masikio, maana masikio yalibandikwa baadaye na hapo ndipo panapoachia.

Sanamu kubwa tano ndizo zinazoweza kumuumiza mtu. Chukua moja yenye kimo cha sentimita 110, uzito wa kilo 45 na kitako cha sentimita 30. Ukiisukuma juu kabisa, nguvu ya kilo 6 hivi inatosha kuanza kuiinua upande mmoja, na mtoto akijiegemeza anaizidi. Kiweko cha kawaida cha boksi hakisaidii, kinaongeza urefu tu. Tengenezeni kiweko cha sentimita 60 kwa 60, kimo 50, na chini kabisa mtie mifuko mitatu ya mchanga mkavu ya kilo 20. Sanamu ifungwe kwenye kiweko kwa vishikio vinne vya shaba vyenye umbo la L, vilivyovishwa sponji nyembamba. Kiweko kikiwa na kilo 25, jumla inafika kilo 130, na nguvu ya kuangusha kwa kusukuma pale juu inapanda hadi kilo 24. Msimimine mchanga ndani ya sanamu yenyewe ili izidi uzito. Mchanga hukaa na unyevu na husukuma kuta kutoka ndani. Mwulizeni msanii ukuta ni mnene kiasi gani na tundu la kutolea mvuke liko wapi, kwa sababu mara nyingi fimbo ya kushikilia inaweza kupitia humo. Njia kati ya viweko isipungue sentimita 120, kiti cha magurudumu kipite na kugeuka. Katika chumba cha mita 48 za mraba sanamu tano hivyo na makabati matatu zinatosha. Mkitia na meza ya vitabu mtajuta siku ya ufunguzi.

Vinyago wengi huvipandisha hadi usawa wa macho. Sioni sababu. Wali walivitazama wakiwa wameketi chini, kinyago kikiwa mkononi mwa kungwi au sakafuni. Uso wa kabati ukiwa sentimita 75 hadi 80 kutoka chini, mtu mzima anainama kidogo na mtoto anaona sawasawa, na benchi moja mbele yake hubadilisha namna watu wanavyotazama. Kama makungwi wameruhusu nyimbo mbili tatu zisikike, spika iwe chini ya benchi, sauti ya chini, si vipaza sauti vya chumba kizima.

Taa ni rahisi. Udongo na rangi za udongo havichujuki kwa mwanga, hivyo luksi 200 (kipimo cha mwanga) ni sawa. Penye manyoya, nguo, shanga za zamani au nywele shusheni hadi 50. Tumieni LED, zikae nje ya kabati, kwa sababu taa ya ndani hupasha hewa na kuyumbisha unyevu mliohangaikia. Mwanga wa pembeni, nyuzi 30 hivi kutoka usawa wa kitu, hufufua alama za vidole vya mfinyanzi. Mwanga wa mbele kabisa hukifanya kila kitu kionekane kama biskuti. Vyungu vyeusi vinavyong'aa vinataka mwanga mpana uliopita kwenye kitambaa cheupe, la sivyo mtu ataona balbu na sura yake mwenyewe.

Kusafirisha, kama bado kuna vitu vijijini: masanduku mawili, moja ndani ya jingine, sentimita 5 za sponji kati yake, na sanduku liwekwe juu ya godoro ndani ya gari. Bodi ya pikapu inarusha kila kitu barabara ikichafuka. Vinyago vibichi visisafirishwe wakati wa masika hata mkiwa na turubai zuri.

Siku ya kupanga kabati, chini ya kila kinyago kibichi wekeni karatasi nyeusi isiyo na asidi, iliyokatwa sawa na kivuli chake ili isionekane. Kila Jumatatu kabla ya kufungua mlango, mulika tochi pembeni na uipige picha. Chembe mpya kwenye weusi huo ni dalili kwamba kuna mtikiso, unyevu au dumuzi: kwanza soma kipimo cha unyevu, kisha weka kiganja kwenye kabati lori likipita barabarani, halafu tazama kama unga ni wa udongo au wa mti. Kinyago kilichotoa chembe wiki mbili mfululizo kirudi kwenye sinia lake stoo, na nafasi yake ibaki na maelezo yake.